Nyumba za zamani Tanga: afisa mipango miji atalinda vipi kitu ambacho kwenye ramani yake hakipo?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu msomaji mwenzetu aliyeandika juzi juzi kwamba nyumba za zamani hapa Tanga zinaisha kwa sababu maafisa mipango miji wamelala, kazi yao kugonga mihuri tu. Hasira yake naielewa, hata mimi nikipita mjini nikakuta nyumba niliyoizoea imezungushiwa mabati roho inanidunda, maana mabati yakishazungushwa unajua kabisa greda liko njiani. Lakini kwenye kumtafuta mchawi hapo ndipo sikubaliani naye, na nina sababu.

Mimi nimestaafu, nilikuwa mchora ramani kwenye ofisi za ardhi mikoa ya bara huko, sikuwa afisa. Afisa mipango miji anapanga, mimi nachora alichopanga, zamani kwa wino juu ya karatasi ya kutresi mkono hautakiwi kutetemeka, baadaye vijana wakaja na kompyuta. Sasa wengi hawajawahi kuuona mchoro wa mipango miji, ule watu wa ardhi wanauita TP (kwa Kiingereza town planning), ukiutazama unakuta viboksi. Kila kiboksi ni kiwanja, kina namba yake, kitalu kina herufi yake, na kuna alama ya matumizi, hapa makazi, hapa biashara, hapa makazi na biashara, hapa eneo la wazi, hapa shule. Imeisha hiyo. Nyumba haipo humo. Uwe na kiwanja kimeota mbigili tupu au uwe na nyumba ya mawe yenye matao na roshani iliyosimama toka enzi za Mjerumani, kwenye mchoro ni kiboksi kile kile na namba ile ile, na kama namba ni 14 basi ni 14.

Halafu ndio anakuja mtu na maombi ya kibali cha ujenzi. Ana hati, ana risiti ya pango la ardhi, ana ramani za jengo zimechorwa na msanifu, ghorofa nne, chini fremu za maduka juu apatimenti. Faili linaanza kutembea. Mipango miji anaangalia matumizi, je hapo biashara inaruhusiwa? Inaruhusiwa. Anaangalia jengo limeacha nafasi ya kutosha toka barabarani na kwa jirani, sawa. Mpima anaangalia mipaka, mhandisi anaangalia nguzo na nondo, afisa afya anaangalia vyoo na shimo la maji machafu, zimamoto nao wana lao, mwisho linakwenda kwenye kamati ya madiwani. Nionyeshe kwenye huo mzunguko wote ni meza ipi imeandikwa kazi yake kuuliza hivi kwenye hicho kiwanja sasa hivi kuna nini. Hakuna. Watu wa Mambo ya Kale, ile idara ya serikali inayosimamia majengo ya kihistoria, wako wizara nyingine kabisa, Maliasili na Utalii, wakati faili linatembea ofisi za halmashauri na wizara ya Ardhi, kwa hiyo labda itokee kwa bahati afisa mwenyewe anaipita hiyo nyumba kila siku akienda kazini na anaipenda, ndio atanyanyua simu.

Kuna mji mmoja niliofanyia kazi, siutaji, ilivunjwa nyumba ambayo kila mtu pale alikuwa anaelekezea watu kwayo, "ukifika nyumba ya matao kata kulia". Watu wakaja juu ofisini wanataka kujua nani kala hela. Mimi faili nililishika kwa mkono wangu, lilikuwa safi, hakuna saini iliyorukwa wala risiti iliyopungua. Ndio maana nasema kama kwenye faili chafu tunapoteza nyumba na kwenye faili safi tunapoteza nyumba, basi shida imekaa mbele ya afisa, kabla faili halijamfikia.

Nije kwenye sheria, hapa msomaji mwenzetu kasema "sheria ipo ila haifuatwi" na watu wengi wanasema hivyo hivyo. Sheria ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964, ikafanyiwa marekebisho 1979. Ukiisoma inalinda kwa umri. Jengo likiwa limejengwa kabla ya 1863 linakuwa limelindwa lenyewe bila kusubiri mtu. Sasa piga hesabu na mji wetu. Reli hapa imeanza kujengwa 1893, ikafika Muheza 1896, na mji wa Mjerumani na yale majumba yake umejengwa kipindi hicho hicho na kuendelea. Maduka ya ghorofa ya wafanyabiashara wa Kihindi mengi yanakuja nyuma ya hapo. Yaani karibu mji wote tunaoulilia umekosa ule mstari kwa miaka kama thelathini na zaidi! Makaburi na msikiti wa Tongoni sheria inayabeba, ni ya zamani sana yale, lakini ukirudi mjini kwa kigezo cha umri peke yake umetoka mikono mitupu. Ili jengo la baada ya 1863 lilindwe inabidi Waziri alitangaze kwenye Gazeti la Serikali, na Waziri hawezi kuamka asubuhi akatangaza nyumba ya kitalu fulani Tanga kama hakuna mtu aliyempelekea orodha.

Cha ajabu, na hili naona wengi hawalijui, sheria hiyo hiyo inalinda milango. Mlango wa mbao au fremu yake iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya 1940 ni kitu kilicholindwa, huruhusiwi kuung'oa ukauza hivi hivi. Kwa hiyo unaweza kukuta nyumba yenyewe haina kinga yoyote lakini mlango wake una kinga, na ndio wa kwanza kuondoka maana greda likifika mlango ulishapakiwa kwenye kirikuu usiku. Wanaonunua milango wanajua thamani yake kuliko wenye nyumba.

Wenzetu walifanyaje? Bagamoyo mji mkongwe ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1983, eneo zima, sio jengo moja moja. Zanzibar waliunda mamlaka maalum ya Mji Mkongwe 1985, miaka 15 kabla UNESCO hawajauweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2000. Sisemi huko mambo yameisha, lile jumba la Beit el Ajaib la Mji Mkongwe lilidondoka upande siku ya Krismasi 2020 pamoja na mamlaka na sifa zote hizo, na Bagamoyo nako ukitembea magofu utayaona. Ila kuna tofauti moja kubwa, afisa wa kule akipokea maombi anajua kiwanja kiko ndani ya mstari au nje ya mstari. Kuna mstari umechorwa. Akikataa ana pa kusimamia, bosi akimpigia simu au mwekezaji akija na mtu mzito anafungua ramani anasema mzee mstari huu hapa. Wa kwetu akikataa anakataa kwa kitu gani, kwa mapenzi yake? Atapelekwa mahakamani na atashindwa.

Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 nayo imegusa kuhifadhi majengo yenye sifa za kihistoria, kwa hiyo njia ipo hata upande wa mipango bila kusubiri Mambo ya Kale. Kinachotakiwa kwa lugha yangu ya mchora ramani ni kitu kidogo sana. Ile orodha ya nyumba ikishapatikana, iingie kwenye mchoro. Kwenye kile kiboksi kiongezwe alama, hata kinyota, na kwenye faili la kiwanja ibandikwe karatasi: hapa pana nyumba ya aina hii, usitoe kibali cha kubomoa wala kubadilisha sura ya mbele mpaka Mambo ya Kale waseme. Orodha tumeshaziona nyingi, za wanafunzi wa chuo, za miradi, za wafadhili, zinapigwa picha nzuri zinatengenezwa vitabu vinagawiwa kwenye semina na vinaishia kabatini, na mchoro unabaki na viboksi vyake. Orodha isiyoingia kwenye mchoro kwa afisa mipango miji ni kama haijaandikwa, maana mchoro ndio anaoufungua kila siku.

Tena wakati ndio huu. Sensa ya 2012 jiji letu lilikuwa na watu 273,332, ya 2022 tumefika 393,429. Bandari imechimbwa kina toka mita 3 hadi 13, meli zinafunga gatini badala ya kupakulia kule mbali baharini kwenye matishari, na bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima Uganda linaishia Chongoleani hapa. Mimi nafurahi, sitaki mtu aseme huyu mzee anapinga maendeleo, Tanga ililala miaka mingi toka mkonge uanguke na viwanda vifungwe, vijana wetu wamemalizikia Dar. Ila hizo nyumba za zamani zilibaki kwa sababu mji ulikuwa maskini, hakuna aliyekuwa na hela ya kuvunja. Hakuna aliyezihifadhi! Sasa hela zinarudi na kiwanja cha katikati ya mji kinatafutwa kwa tochi.

Kuna jambo jingine la kiufundi kidogo mnivumilie. Nyumba za zamani za biashara zimesimama mpaka ukingoni mwa barabara na mbele zina baraza lenye nguzo, watu wanapita chini ya kivuli toka duka hadi duka, jua la Tanga la Januari unalijua. Kanuni za sasa zinataka jengo jipya lirudi nyuma, kwa sababu za msingi, hewa na maegesho na barabara kupanuliwa. Sasa ukivunja nyumba moja katikati ya mstari, jipya linarudi nyuma, kivuli kinakatika, pale mbele panakuwa parking na jenereta, na mwenda kwa miguu anatokea juani. Likivunjwa la pili na la tatu mtaa umekufa ingawa kila jengo lina kibali. Kwa hiyo hata kwa ambaye historia haimhusu, mpango wa eneo kama lile ungetakiwa uwe na kanuni zake tofauti, jengo jipya lisimame pale pale liendeleze baraza. Hiyo ni kazi ya mipango miji kabisa, haihitaji kumpigia mtu wa makumbusho.

Nakuja kwa wenye nyumba, maana tukishawaona wao ndio maadui tumepotea. Nyumba nyingi za mjini zimepita mkono wa Msajili wa Majumba. Wenye umri wangu wanakumbuka, 1971 ikatoka sheria ya kutaifisha majengo, nyumba ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000 ikachukuliwa na kuwekwa chini ya huyo Msajili, 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika la Nyumba. Nyumba ikishakuwa ya wote unajua inavyokuwa, mpangaji hapaki rangi kwa sababu si yake, na kodi ilikuwa ndogo haitoshi hata bati. Ukiacha hizo kuna za mirathi, baba kafariki kaacha watoto kwa wake watatu, msimamizi wa mirathi hajateuliwa au kateuliwa na yeye kafariki, mmoja anataka iuzwe mmoja yuko Muscat mmoja anaishi humo humo chumba cha uani. Na kuna za wakfu. Nyumba kama hiyo haihitaji greda, mvua za masika zinatosha.

Na mwenye nyumba aliyejitahidi kuitunza anapata nini? Kodi ya majengo sasa tunakatwa kwenye LUKU, tukinunua umeme, toka 2021, na toka 2023 nyumba ya kawaida ni 18,000 kwa mwaka na ghorofa ni 90,000 kwa kila sakafu. Bibi aliyerithi ghorofa ya chokaa inayovuja analipa kwa sakafu sawasawa na jengo la vioo la benki. Akitaka awape watalii vyumba au afungue mgahawa chini, anaambiwa kiwanja ni cha makazi, akaombe kubadili matumizi, atangaze, abandike bango, asubiri, alipie. Wakati akiuza kwa mtu wa fremu anapata hela yake mkononi wiki ijayo. Wewe ungechagua lipi? Mimi naona ukimwekea mtu kinyota kwenye kiwanja chake bila kumpa chochote umemwonea, na yeye atafanya kinachofanywa, atatoboa paa kidogo aache maji yafanye kazi, mwaka wa tatu anakuja na picha anasema jengo ni hatari kwa wapita njia. Na kweli litakuwa hatari. Kinyota kiende pamoja na nafuu: kubadili matumizi bure na haraka, kodi ya jengo ipunguzwe maadamu analitunza, na fundi.

Fundi nimesema kwa makusudi. Hizi nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa zinapumua, unyevu unaingia na kutoka. Akija fundi wa siku hizi anapiga lipu ya saruji nje na ndani, inapendeza mwaka mmoja, halafu maji na chumvi vinafungiwa ndani ya ukuta vinaanza kula mawe, lipu inavimba inadondoka na kipande cha ukuta. Watu wanasema nyumba imezeeka, kumbe imeuliwa na matengenezo. Kwenye zile zenye mihimili ya chuma nako, hewa ya bahari inakula kile chuma kinavimba na kupasua ukuta. Mafundi wanaojua kuchoma na kuozesha chokaa wamebaki wachache na wazee, VETA, wale wa vyuo vya ufundi, kama wapo wanasoma gazeti hili hapo pana kozi.

Najua kuna watakaosema hayo majengo ya wakoloni yana faida gani, yaende tu. Nimewasikia barazani, na si wajinga. Mimi jibu langu ni kwamba waliobeba mawe ni babu zetu, na wengi hawakulipwa cha maana, kwa hiyo ukibomoa unabomoa jasho la babu yako, jina la Mjerumani liko vitabuni halibomoki. Wageni wanakuja mpaka leo wanauliza habari za vita ya Novemba 1914 ya Waingereza na Wajerumani na wale nyuki waliowavamia askari, wanataka waone stesheni, waone Boma la kale. Boma lenyewe lilikarabatiwa na Urithi, wale watu wa kuhifadhi urithi wa Tanga, likawa makumbusho, na Iringa la kwao limekuwa makumbusho toka 2016, Dar nao Boma lao la zamani la 1860 na kitu limefufuliwa. Hakuna aliyekwenda kule akatoka anamsifu mkoloni.

Lakini wanaosema hivyo wananikumbusha kitu ambacho hata wapenda urithi wanakisahau. Ukisikia mtu anazungumzia nyumba za kihistoria Tanga ujue anazungumzia upande wa baharini, huku kwetu ng'ambo ya reli hatuhesabiwi. Ngamiani ilipangwa, jamani! Barabara zimenyooka na zimepewa namba, vitalu vinalingana, kila nyumba ya Kiswahili ina baraza mbele, ukumbi katikati vyumba huku na huku, uani nyuma na jiko. Mipango miji wanasomeshwa habari za makazi yasiyopangwa mpaka basi, ila nyumba hiyo iliyoweza kukaa familia, wapangaji, msiba na harusi kwenye kiwanja kidogo wanaiona ya kuvunjwa tu. Leo baraza zinakatwa zinakuwa fremu, anayekaa barazani hana pa kukaa, uani panajazwa vyumba mpaka hewa haipiti. Mimi sisemi Ngamiani nzima iwekewe kinyota, hapana, watu wanaishi na wanaongezeka. Wachague hata mitaa miwili yenye nyumba zilizobaki na sura yake, waipe kanuni zake, na kwingine watu waendelee kujenga.

Na zipo ambazo ziende. Nyumba imeshakatika ukuta wa mbele, watoto wa shule wanapita chini yake, hakuna picha wala mpango, mrithi hana uwezo, hiyo ipimwe ichorwe ipigwe picha halafu ivunjwe kwa utaratibu na mlango upelekwe makumbusho. Kuwekea kila gofu alama ndiko kunakofanya wenye maamuzi waone watu wa urithi hawana akili.

Mwisho ni pa kuanzia, maana najua jibu litakuwa bajeti hakuna. Wenyeviti wa mitaa wa kata ya Central, Chumbageni na Ngamiani zote tatu wanazijua nyumba zao na warithi wao kuliko kitabu chochote. Waitwe siku moja na afisa mipango miji aje na mchoro wake mkubwa autandike mezani, waambiwe onyesheni. Chuo Kikuu Ardhi wanafunzi wao wanatafuta sehemu za kufanyia mafunzo kwa vitendo kila mwaka, waletwe wapime na kuchora hizo zitakazoonyeshwa. Orodha ipite kwa madiwani, nakala iende Mambo ya Kale kwa ajili ya tangazo la Waziri, na asubuhi ile ile mchoraji, au kijana wa kompyuta, aweke vinyota kwenye mchoro. Kazi ya kuweka vinyota niiteni hata mimi, kalamu zangu za wino bado ninazo na sitadai posho.

Wako msomaji,
Mchora ramani mstaafu,
Ngamiani Kati, Tanga